Mfagiaji wa Lango la Liyombo

Kunigunda Haule alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Inzi akitua kwenye mboga, sahani nzima aliisukuma. Mtu akivuta makohozi karibu naye, aligeukia pembeni akashika tumbo. Alipoolewa, mawifi zake walinong'ona kwamba kaka yao Tadei ameleta mke wa kuoga, si wa kupika. Basi siku habari ilipoenea kwamba yeye ndiye amechukua kazi ya kufagia lango, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Liyombo nzima hakuna kazi iliyokuwa chafu kuliko hiyo, na hakuna asiyejua sababu.

Liyombo ni kijiji cha ufukweni mwa ziwa, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki ukitoka Lituhi. Katikati ya soko lake limesimama lango la mawe na udongo, na juu yake gogo jeusi la mti mgumu ambao mchwa wameshindwa nao. Ni mabaki ya ngome iliyojengwa na wazee zama za mashambulizi, kabla Mjerumani hajatia mguu katika ziwa hili. Ukuta wenyewe ulikwisha zamani. Watu walibeba mawe wakajengea majiko na mazizi. Kilichobaki ni lango, na nyuma yake ukuta wa hatua kama ishirini. Mlango ni mfupi. Mtu mzima hapiti bila kuinama, na ulijengwa hivyo makusudi, ili adui aingie kichwa mbele, shingo wazi, na aliye ndani apate kufanya kazi yake.

Mbele ya lango kulikuwa na kibao cha bati: MALI YA KALE. USICHOME MOTO. USIANDIKE UKUTANI. Kibao hakikusema usikojoe.

Na watu walikojoa. Soko lilikuwa halina choo. Jiwe la msingi la choo hicho lilikuwa limewekwa mara mbili, na viongozi wawili tofauti, kwa ngoma na mapambio, na baada ya hapo hakuna tofali lililoongezwa. Wachuuzi wa usipa, wale dagaa wa ziwani, walikwenda nyuma ya lango. Walevi wa pombe ya mahindi walikwenda nyuma ya lango. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yalisimama kando ya soko, madereva wakashuka wakijinyoosha, wakauliza kwa macho tu, na mtu akawaonyesha kwa kidole: kule. Wengine hawakuishia kwenye haja ndogo.

Kunigunda aliichukua kazi hiyo mwaka aliofiwa na Tadei. Tadei alikuwa amerudi kutoka machimboni akiwa na kifua kibovu, akalala miezi minne, akaenda zake. Serikali ya kijiji ilikuwa inatafuta mtu wa lango, na kila aliyeulizwa aliguna akapita. Kunigunda alikubali siku hiyo hiyo. Alihitaji kazi, ndiyo, lakini hilo halikuwa lote. Bibi yake, Margareta, alimlea kwa masimulizi ya lango lile, na kila alipopita akasikia ile harufu, aliona kama mtu amemkojolea bibi yake miguuni.

Hivyo kila asubuhi, saa kumi na mbili, alifunga kanga puani, akabeba ndoo ya jivu, jembe kuukuu na fagio la chelewa. Alianza mbele, kulikokuwa na nafuu: maganda ya miwa, magamba ya samaki, vifuko vya pombe kali. Kisha alivuta pumzi, akaibana, akazunguka nyuma. Hapo aliona mambo ambayo hakumsimulia mtu. Alimwaga jivu, akazoa, akatupa shimoni mbali kule kwenye mihogo, akarudi akazoa tena. Mara nyingi alitapika. Alitapika, akafukia matapishi yake, akaendelea. Wenzake walidhani baada ya mwezi angezoea. Miaka saba ilipita na hakuzoea.

"Mtu akizoea mavi ya watu, amekwisha," alimwambia Somoe, mwanamke wa Kilwa aliyeuza vitenge mkabala na lango. "Mimi sitaki kuzoea."

"Basi da Kuni, na utumbo wako utakwisha," Somoe alimjibu.

Mara sita alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Pankras, kudai choo cha soko. Pankras alikuwa mtu wa maneno mazuri. Kila mara alimkaribisha kiti, akamuuliza habari za watoto, akasema suala lake liko mezani. Kunigunda alitoka pale akijisikia kama mtu aliyelambwa usoni na ng'ombe.

Mambo yalibadilika alipokuja Lusekelo.

Lusekelo alikuwa afisa utamaduni, kijana wa Tukuyu, aliyeletwa ukanda wa ziwa kwa kazi. Siku ya kwanza alifika kwa pikipiki, akaegesha mbali, akavua kofia, akatembea mpaka langoni kwa miguu kama mtu anayeingia kanisani. Alimkuta Kunigunda na ndoo yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, wewe ndiye unayelitunza lango hili? Peke yako?"

Kunigunda alimtazama kuona kama anadhihakiwa. Hakuwa anadhihaki. Kijana aliinama, akapita mlangoni, akapapasa gogo la juu kwa kiganja, akauliza limetoka mti gani, nani alilikata, liliburutwa kutoka mlima upi. Katika miaka saba, hakuna aliyewahi kumuuliza Kunigunda swali kuhusu lango ila kama pale nyuma pana mtu.

Tangu siku hiyo Lusekelo alikuja kila mwezi. Aliketi na Kunigunda kwenye benchi la Somoe, akafungua daftari, akaandika masimulizi ya Bibi Margareta neno kwa neno. Siku mbili nzima zilikwisha kwa masimulizi hayo. Kunigunda alimsimulia yote, hata yale ambayo wazee wengine huyaruka. Alimwonyesha na kule nyuma. Lusekelo alifumba pua, akatikisa kichwa, akasema kwa uchungu, "Mama, huu ni ushenzi. Watu wanaokojolea historia yao hawana tofauti na wanyama."

Maneno hayo yalimwingia Kunigunda kama maji baridi. Hatimaye, alijiambia, nimepata mwenzangu wa kinyaa. Akaanza kumwekea samaki mbasa wa kukaanga siku anazokuja, na mtu aliyewahi kuona Kunigunda anavyoosha samaki alijua hiyo ni heshima gani.

Mwezi wa nane Lusekelo alileta habari. Shirika moja la nje linalosaidia kutunza magofu lingetuma wageni wake Liyombo, pamoja na mgeni rasmi kutoka mjini, mwalimu mstaafu aliyeongoza kamati ya kuhifadhi mambo ya kale. Wakiridhika, lango lingeezekwa bati na kuwekewa uzio.

Kunigunda alifurahi, akaenda kwa Pankras. "Mwenyekiti, nipe watu kumi na majembe. Kule nyuma tuchimbe udongo wote ule, tutupe, tulete mchanga mpya wa ziwani. Udongo wenyewe umeoza."

"Mama Emilian," Pankras alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "wageni hawatapita nyuma."

"Wamekuja kuona lango. Watazunguka."

"Hawatazunguka. Tutaweka turubai."

Kunigunda alidhani ni mzaha. Siku moja kabla ya ugeni lilikuja turubai kubwa lenye tangazo la soda, likafungwa kutoka pembe ya lango hadi kwenye nguzo ya umeme, likafunika ukuta wote wa nyuma. Vijana walipaka lango chokaa nyeupe, wakafunika alama za mashoka ambazo Bibi Margareta alikuwa akizihesabu kwa vidole. Kisha Pankras mwenyewe alitoa chupa ya pafyumu mfukoni, akapuliza huku na huku, kama padri anayebariki. Harufu ya waridi ikapanda juu ya harufu ya mkojo, zikachanganyika, na kilichozaliwa hapo kilikuwa kibaya kuliko vyote viwili. Kunigunda alikimbilia kwenye mihogo.

Alipompata Lusekelo, alikuwa bado anajifuta mdomo. "Mwanangu, umeona? Umekubali hili?"

Lusekelo hakumtazama machoni. "Mama, tuvumilie kesho tu. Wakitoa ahadi, tutafanya yote vizuri. Kesho wewe utasimulia mbele yao. Mimi nitatafsiri."

Kunigunda alivumilia. Usiku ulipita, na saa kumi na mbili asubuhi alikuwa nyuma ya turubai, akazoa kilichokuwapo, akamwaga jivu, akafagia mpaka ukuta ukakauka. Kisha akarudi nyumbani, akajisugua mara mbili, akavaa kitenge kipya alichopewa na Somoe.

Wageni walifika saa nne kwa magari matatu. Walikuwa Wazungu wanne na mgeni rasmi, mama mnene wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Kwaya iliimba. Pankras alihutubia. Lusekelo alihutubia, na hotuba yake ilikuwa nzuri kweli. Alisema lango hili ni uso wa kijiji, na mtu hatemei mate usoni pa mama yake. Kunigunda alipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Saa sita watu walipumzika kidogo, wageni wakanywa soda chini ya hema. Kunigunda aliondoka kimya, akainua pembe ya turubai, akaingia kuhakikisha hakuna aliyechafua tena. Akasimama papo hapo.

Lusekelo alikuwa pale. Amesimama miguu imepanuka, suti yake ya kijivu, viatu vinavyong'aa, ameelekea ukutani. Chokaa mpya iliyokuwa imechuruzikia upande ule ilikuwa inayeyuka na kutiririka kwenda chini.

Aliposikia nyayo aligeuza kichwa tu, kwani mengine hayakuweza kusimamishwa. "Mama," alisema, "samahani. Nilibanwa."

Kunigunda alimtazama mpaka akamaliza, akafunga zipu, akapangusa vidole kwenye suruali. Halafu kijana akamnyooshea mkono ule ule, kumshika bega, huku akisema taratibu, "Tafadhali mama, haya yabaki hapa."

Kunigunda alirudi nyuma hatua mbili ule mkono usimguse. Baadaye alimwambia Somoe kwamba katika miaka yote saba, katika vyote alivyozoa, hakuna kilichomchafua tumbo kama mkono ule. Walevi hawakuwa na sauti ya kujisifu. Madereva hawakuwahi kumwambia kwamba anayekojoa pale ni mnyama. Huyu alisema, akaandika, akala samaki wake, akahubiri asubuhi ile ile.

Nusu saa baadaye aliitwa kusimulia. Alipewa kipaza sauti. Lusekelo alisimama kando yake na cha pili, uso umemwiva. Kunigunda alisogea kidogo asiguswe na koti lake.

"Naitwa Kunigunda Haule," alianza. "Mama yake bibi yangu aliingia kwa lango hili akiwa mgongoni mwa mtu. Adui alipiga kambi nje siku tatu. Humu ndani palijaa watu, mbuzi, wagonjwa, watoto wenye kuharisha. Pa kutokea hapakuwapo. Sasa mimi nawauliza ninyi mliokaa kwenye viti: walikwenda haja wapi?"

Watu wa soko walicheka. Pankras alikohoa.

"Mzee wa ngome alisema lichimbwe shimo ndani ya nyumba yake. Ya kwake, si ya jirani. Yeye na wake zake wakalala nje. Akasema langoni pasichafuliwe, kwa sababu vijana wanaolinda wanakula pale, wanalala pale, na huenda wakafia pale. Siku tatu. Mikuki nje, njaa ndani. Hakuna aliyelikojolea lango." Akaonyesha turubai kwa kidole. "Leo hakuna vita. Hakuna aliyetuzingira. Na mimi kila siku nazoa mavi nyuma ya hilo turubai mnaloliona. Leo nilipasafisha saa kumi na mbili asubuhi. Saa sita pamelowa tena. Aliyepalowesha hakuwa mlevi, wala hakuwa dereva. Amevaa viatu vizuri."

Watu wa soko wakaanza kutazamana viatu. Lusekelo aliinua kipaza sauti chake, akasema Kiingereza maneno machache kwa tabasamu. Wazungu waliitikia kwa vichwa, kwa upole, wakapiga makofi.

Mgeni rasmi hakupiga. Alivaa miwani yake.

"Bwana afisa, umewaambia nini?"

"Nimefupisha, mama."

"Hukufupisha. Umewaambia anashukuru kwa heshima aliyopewa, na kwamba lango liliokoa ukoo wake. Kiingereza nimekifundisha miaka thelathini, mwanangu." Akainuka kwa shida kwenye kiti. "Mama Haule, nionyeshe."

Pankras alijitupa mbele. "Mheshimiwa, chakula kinapoa!"

"Kipoe."

Kunigunda alifungua kamba, turubai likaanguka. Kile ambacho jua la mchana lilikuwa limekipika chini ya plastiki tangu jana kilitoka chote kwa mpigo mmoja. Mzungu mmoja aligeuka akaziba mdomo. Mgeni rasmi hakuziba. Alisimama akatazama ukuta, alama za unyevu, inzi, udongo uliogeuka rangi. Akatazama kwa muda mrefu kama anayesahihisha mtihani. Kisha akamgeukia Pankras.

"Mmenisimamisha mbele ya choo ili nisifie historia," alisema. Akaenda garini. Wageni wakamfuata. Wali na nyama vilibaki kwenye masufuria.

Kikao cha kijiji kilifanyika siku ya tatu yake. Pankras alisema kwa ule upole wake kwamba Mama Emilian ameitia Liyombo aibu mbele ya mataifa, uzio umepotea, bati limepotea, na kwamba kazi ya lango atapewa mtu mwenye busara zaidi.

"Aibu niliikuta pale, Mwenyekiti," Kunigunda alijibu. "Mimi nimefungua kamba tu."

Akanyang'anywa kazi. Mtu mwenye busara zaidi hakupatikana. Siku ya kwanza Kunigunda alilala mpaka jua likapanda, akanywa chai yake bila kichefuchefu, akajiona kama aliyetoka kifungoni. Siku ya tano harufu ilivuka barabara ikaingia kwenye meza za usipa. Siku ya tisa wanunuzi kutoka Litumbandyosi waliteremsha magunia yao, wakanusa, wakapandisha tena. Jioni ile wanawake wa soko walimjia nyumbani, Somoe mbele.

"Da Kuni," Somoe alisema, "kinyaa chako tulikicheka. Sasa kimetuingia na sisi. Tuambie tufanye nini."

"Sirudi kuzoa."

"Hatukuja kukuomba uzoe."

Walianza kuchimba kesho yake, upande wa pili wa barabara, mbali na lango, mahali penye yale mawe mawili ya msingi. Hawakuomba kibali. Wanawake kumi na saba, kwa zamu, wengine watoto mgongoni. Walipofika kwenye kujenga walikosa mawe makubwa ya pembeni, ndipo Kunigunda akasema yale mawili yatatosha. Wakayang'oa, wakayaweka chini kabisa, na majina ya viongozi yakaelekea shimoni. Hapo ndipo Somoe aliposikia Kunigunda akicheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Tadei afariki.

Wiki ya pili Lusekelo alitokea. Alikuja na jembe na viatu vya mpira, bila daftari. Alimwendea Kunigunda, akapiga goti moja.

"Mama, nimekosa. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Kunigunda alisema. "Lakini mkono siushiki."

Kijana alichimba siku nzima, viganja vikatoka malengelenge. Wanawake walipogawiwa maji, Kunigunda alimpa kila mmoja kikombe mkononi. Cha Lusekelo alikiweka juu ya tofali, akaondoka. Hakuwa akimkomoa. Alijaribu mwenyewe kumpa, akashindwa, mwili ulikataa. Hasira huisha, mtu akalala nayo akaamka haipo. Kinyaa kina njia zake.

Choo kilikwisha mwezi wa kumi, matundu manne, mawili ya wanawake, milango ya bati. Pankras alitaka kukizindua. Alifika na utepe, akakuta foleni ya watu wenye shida, hakuna aliyemsubiri akate. Nyuma ya lango wanawake wale wale walichimbua udongo uliooza, wakamwaga mchanga. Bado kila wiki hupatikana mtu asiyevuka barabara, kwa ukaidi tu au kwa mazoea, na Somoe humtukana Kiswahili cha Kilwa mpaka malori yanapunguza mwendo kusikiliza.

Lusekelo alihamishwa mwaka uliofuata. Kabla hajaondoka aliacha kibao kipya cha saruji penye lango, maandishi mazuri, yametolewa kwenye masimulizi ya Bibi Margareta: kuzingirwa, siku tatu, mikuki, ushujaa wa vijana. Kunigunda alikisoma mara mbili. Lile shimo ndani ya nyumba ya mzee halikuandikwa.

Chokaa inabanduka kidogo kidogo na alama za mashoka zimeanza kuonekana. Maarusi hupita chini ya lile gogo, wakiinama, ili kupigwa picha. Shule huleta watoto. Kunigunda siku hizi anashika ufunguo wa choo, na lango hana cheo nalo, ila watoto wakija huitwa awasimulie. Husimulia yote, shimo likiwemo, na nani alilala nje.

Juzi mwalimu kijana, mgeni, alimkatiza kwa adabu. "Mama, labda hayo ya choo tuyaruke. Ni watoto."

"Ndiyo maana wanatakiwa wayasikie, mwalimu," Kunigunda alisema, na kuendelea pale pale alipokuwa ameachia.